Doa

Saa tisa na robo usiku, Umoja,
gorofa ya tano, juu ya paa la ploti,
mimi na bomba la maji machafu
ambalo halijawahi kupitisha maji machafu:
nililinunua jipya, nikalipaka masizi ndani,
na kioo kilicho chini yake nilikisaga mwenyewe miezi saba,
jioni, baada ya kutwa ya kusaga miwani ya watu
pale Luthuli.

Januari. Mawingu yamehama.
Barabara ya Kangundo inawaka manjano
kama jiko ambalo mtu kasahau kulizima.
Nyota zilizobaki unaweza kuzihesabu
na ukabakiwa na vidole.

Mashariki, kwenye Mizani, ndiko ninakowinda.
Na mashariki ndiko Bosibori anakoanika.

Mashuka arobaini ya gesti moja ya Kariobangi.
Maji ya mfereji huja usiku, naye hufua yajapo.
Tuligombania kamba ile wiki tatu.
Akasema, kamba nailipia.
Nikasema, na mbingu je?
Akasema, mbingu haina kodi, na ihamie upande wa pili.
Tukaafikiana: mashuka yashuke saa tisa,
nami nimpandishie ndoo nne.

Usiku ule hakuteremka. Shuka begani, akauliza:
"Baba Syombua, hasa unatafuta nini?"
"Doa."
Akacheka hadi mbwa wa chini wakabweka.
"Mimi naondoa, wewe unatafuta!"

Nikamweleza. Nyotamkia ikiwa bado mbali
haina mkia, haina makeke.
Ni pumzi juu ya kioo,
ni weupe uliochujwa mara kumi.
Nusu ya madoa niliyoyapata yalikuwa galaksi,
yamekaa palepale tangu kabla ya babu wa babu.
Mengine, alama za vidole vyangu.
La kweli husogea. Hapo ndipo penye kazi:
kungoja saa nzima uone kama limehama
upana wa unywele.

"Niangalie?"
Stuli ikalia. Akanyamaza.
Nilimpa mahali nilipokwisha kupachoka,
nyota tatu zisizo na jina,
nilipokesha siku mbili bila kuona kitu.

"Lipo. Chini ya ile ya kushoto."
Nikatazama. Giza.
"Unalikodolea," akasema. "Doa la chai
lililofuliwa mara tano halipendi kukodolewa.
Tazama pindo la shuka."

Nikatazama pindo.

Likajitokeza.

Saa kumi kasoro nikachora. Kumi na nusu nikachora tena,
mkono ukitetemeka, penseli ikitoboa karatasi.
Limehama. Kidogo, kuelekea Nge,
kama mtu anayejisogeza kwenye benchi la kanisa.

Nikatuma vipimo. Jibu likaja mchana, dukani,
nikiwa na lenzi ya mteja mdomoni nikiipulizia:
mashine moja, mlimani, upande wa pili wa dunia,
ililipiga picha siku nne kabla yetu.
Jina lake ni herufi na tarakimu,
kama kile kitambaa dobi anachofunga kwenye nguo za wateja.

Nilimwambia kwa aibu.
Kibanio mdomoni, akafikiri.
"Mwenyewe kapatikana. Na linakokwenda, wanakujua?"
Hawakujua. Ndiyo maana waliomba zaidi:
nukta chache hazipindi mstari.

Basi tukawapa. Siku kumi na moja,
yeye jicho, mimi penseli,
usiku mmoja stima ikapotea Umoja nzima
na watu wakalaani kwenye ngazi
huku sisi tukishikana mikono kama wezi.
Halafu mapambazuko yakalimeza.

Sasa ni Aprili. Mvua.
Mashuka bado yanashuka saa tisa, kwa mazoea.
"Limefika wapi?" ananiuliza.
Naonyesha wingu kwa kidole.
Anatazama, kando kidogo ya kidole changu.